Muhogo Uliopimwa kwa Majani

Tuseme mapema: kuchuja mbegu za muhogo mahali pasipo na ugonjwa wa michirizi kahawia, kisha kuzileta ukanda wa Ziwa Victoria, ulikuwa uamuzi mbovu. Mliofuatilia ugonjwa mkali wa batobato wa miaka ya 1990 mnakumbuka hofu ilivyotanda. Taasisi ya utafiti ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilikuwa na vipando vinavyoistahimili, vikapokelewa kwa mikono miwili. Lakini Nigeria haina michirizi kahawia. Mbegu ingemshindaje adui ambaye haijawahi kukutana naye?

Waliotetea uamuzi huo walisema michirizi kahawia ni ugonjwa wa pwani, haupandi zaidi ya mita 1,000. Ziwa letu liko mita 1,134, basi sisi wa Pasiansi, Mwanza, tukalala usingizi. Mwaka 2004 ukaonekana Mukono, Uganda, ukienezwa na nzi weupe walewale wa batobato. Mbegu ya TME 204, iliyosifiwa sana huko kwa jeni lake la CMD2 linalozuia batobato, ikaanguka vibaya. Juu majani yamenawiri, chini mzizi wote madoa ya kahawia. Unakatakata palipooza hadi hakibaki cha kutengenezea udaga. Nimelisema mpaka nimechoka: muhogo haupimwi kwa majani! Bado kuna maofisa wanaokagua shamba la majaribio bila kung'oa shina hata moja.

Watu wa ngano wasitucheke. Nao waliegemea jeni moja, Sr31, hadi aina ya kutu ya shina iitwayo Ug99 ilipolivunja kule Kalengyere, Uganda, mwaka 1998.

Wazee wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, wasingefanya hivi. Mtafiti wao Storey aliieleza michirizi kahawia mwaka 1936. Yeye na mwenzake Nichols walikutanisha muhogo na mti wa mpira, kisha wakaurudishia mseto huo muhogo mara tatu ili mizizi inenepe, huku wakikagua magonjwa yote mawili. Hata ukinzani wa Ibadan ulianzia kwa mbegu ya Amani, 58308. Waliochukua mbegu wakaacha nusu ya kazi.

Hata hivyo, watafiti wa Ukiriguru walijaribu kuziba pengo hilo: walitoa mbegu ya muhogo iitwayo Mkombozi mwaka 2009. Kazi safi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mseto wa Amani namba 46106/27, unaohimili michirizi, haukupotea. Wakulima wa kusini mwa Tanzania waliendelea kuupanda kwa jina la Namikonga, na wenzao wa pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Kutoka Mwanza, kote huko ni karibu kuliko Ibadan.