Vuta N'kuvute: Kamba Nzuri, Wavutaji Wachache

Ziko kazi za sanaa zinazohukumiwa kabla hazijaonekana, tena si kwa chuki bali kwa mapenzi. Filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, ni mojawapo. Ilizaliwa ikiwa na deni. Deni la kwanza ni riwaya yenyewe ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wameisoma, wameipasua dhamira na migogoro, wameijibia mitihani, na wengi wetu bado tunaikumbuka hata baada ya kusahau majibu tuliyoandika. Deni la pili lilitoka nje. Septemba 2021 filamu ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na ikasemwa kuwa ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa huko. Mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kugombea tuzo za Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Maangamizi mwaka 2001. Sasa wewe mtazamaji, ukiambiwa yote hayo, utakaa kwenye kiti ukitegemea nini? Utategemea makubwa.

Nami niliyategemea makubwa hayo. Nilichokipata ni filamu nzuri mno kuitazama na nyepesi kuikumbuka. Na ninadai kwamba wepesi huo umetokana na uzuri wenyewe.

Tuanze na haki yake. Shivji na wenzake wanajua mwanga. Unguja ya miaka ya 1950 imeundwa kwa vivuli, kwa vichochoro, kwa rangi nzito za kuta na kanga, na kwa nyuso zinazotoka gizani polepole. Kiswahili kinachosemwa ni Kiswahili cha watu, hakinuki tafsiri. Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa utulivu, Gudrun Columbus Mwanyika anamcheza Denge kwa macho makali, na Siti Amina, mwimbaji, anakuwa Mwajuma. Anayesema hakuna ufundi hapa ana lake jambo. Kwa muda mrefu sinema yetu imelaumiwa kwa sauti mbovu, taa za sebuleni na hadithi za kukimbizana na siku za kupiga picha. Filamu hii imefuta lawama hizo zote kwa mpigo mmoja.

Lakini hebu tujiulize: kamba hii inavutwa na nani na nani?

Jina la riwaya ni jina la mchezo, na mchezo huo hauwezi kuchezwa na upande mmoja. Katika kitabu, Yasmin anavutwa kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Ameozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anapelekwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, na mjomba wake Gulam anamfungia mlango. Upande mmoja ni jamaa zake Wahindi na hofu yao ya aibu, upande wa pili ni Ng'ambo na Mwajuma aliyempokea, upande wa tatu ni Denge aliyerudi kutoka Urusi na mawazo yake ya kumwondoa mkoloni, na upande wa nne ni Inspekta Wright na Koplo Matata, serikali na mkono wake. Tena yumo Yasmin mwenyewe, ambaye hataki kuwa bendera ya mtu yeyote. Shafi hatuambii kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge ndiyo jibu. Yasmin anakuja kuishi maisha mengine, anampata Bukheti, na riwaya inamwacha aendelee. Hilo ndilo lililotusumbua darasani, bwana. Tulitaka apewe shujaa, mwandishi akampa maisha.

Filamu ina takribani dakika tisini, kwa hiyo ilibidi ichague. Hilo halina ubishi. Riwaya haimiminwi kwenye filamu kama maji kutoka mtungini. Ikachagua mapenzi ya Denge na Yasmin yawe uti wa mgongo. Chaguo halali kabisa. Kosa langu nalo si uchaguzi, ni kwamba hata hayo mapenzi yaliyochaguliwa hayapewi muda wa kuwaka. Wawili hawa wanatazamana vizuri. Wanasimama vizuri karibu ya ukuta mzuri. Ila hatusikii wakibishana vya kutosha. Kwa nini binti aliyetoroka ndoa amfuate mtu ambaye roho yake keshaikabidhi kwa mapambano? Kitabuni swali hili linauma. Hapa linapakwa rangi ya buluu na kuachwa. Siasa nayo inapata ugonjwa huohuo. Mkoloni ni mbaya, vijana ni wema, karatasi zinapitishwa kwa siri. Lakini Zanzibar ya miaka hiyo haikuwa tulivu hivyo: palikuwa na mgomo wa 1948, Vita vya Ng'ombe vya 1951, vyama vilivyozaliwa na kugombana, na watu wa mtaa mmoja waliokuja kununiana mpaka madukani. Mvutano ulikuwamo ndani ya nyumba. Filamu imeutoa nje ya nyumba na kuuweka baina ya polisi na vijana, na hapo kamba ikalegea.

Tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Tanzania peke yake. Wakorea, ambao siku hizi tunawasifu (na tangu Parasite ichukue Oscar ya filamu bora mwaka 2020 sifa hizo hazina kikomo), nao wameupitia. Mwaka 1960 Kim Ki-young alitengeneza The Housemaid, filamu ya nyeusi na nyeupe kuhusu familia inayopanda ngazi ya maisha kwa shida. Mke anashona usiku na mchana ili wahamie nyumba kubwa zaidi, kisha anaingia mtumishi wa kike na nyumba yote inasambaratika. Ni filamu ya vurugu, karibu ya kichaa, na watazamaji wa Korea wameitukuza. Mwaka 2010 Im Sang-soo akaitengeneza upya, na ikaingia katika mashindano ya Cannes. Bwana, ile nyumba! Marmari, ngazi, divai, mavazi. Lakini familia sasa ni matajiri wa kupindukia ambao hawana cha kupoteza, na mtumishi amegeuzwa mwathirika tu, mtu wa kuonewa. Ule woga wa tabaka la kati, la watu wanaojua kwamba wanaweza kuanguka kesho, umetoweka. Imebaki filamu maridadi na baridi. Matarajio yalikuwa makubwa kwa sababu ya filamu ya kwanza, na filamu ya pili ikalipa kwa marmari.

Mtu atasema: kwa hiyo unachukia umaridadi. Hapana! Park Chan-wook aliichukua riwaya ya Kiingereza ya Sarah Waters, Fingersmith, akaihamisha kutoka Uingereza ya zama za Malkia Victoria hadi Korea chini ya Wajapani, akatoa The Handmaiden mwaka 2016. Maridadi kuliko hizo zote mbili. Lakini pale umaridadi unafanya kazi. Tunaona tukio kwa macho ya mtumishi, kisha tunalirudia kwa macho ya bibi wake, tukagundua kwamba uzuri tulioufurahia ulikuwa mtego, na sisi tumenaswa humo. Sisi wa Idara ya Fasihi tumezoea kutenga fani huku na maudhui kule, kama mtu anayepepeta pumba na mchele, kisha tunatoa alama. Filamu kama hiyo inatuumbua, maana huwezi kuipepeta. Vuta N'kuvute, kwa bahati mbaya, inapepeteka kirahisi.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Mimi natoka Gendabi, Hanang. Kwetu hakuna jumba la sinema. Filamu hufika kwa flashi na kwa televisheni ya jirani. Bahari tuliisoma kabla ya kuiona. Mtoto anayeongea Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, akakutana na Kiswahili cha Unguja katika kurasa za Shafi, alilazimika kuijenga Ng'ambo kichwani mwake kwa maneno matupu, na akaijenga kwa kile alichokijua: wazee wanaopanga ndoa, jirani anayekufungulia mlango usiku, watu wa makabila mawili wanaopendana huku koo zikikunja uso. Kwa hiyo Yasmin alikuwa wetu. Filamu imetuletea bahari yenyewe, tunashukuru, lakini imewanyamazisha watu waliotufanya tuipende.

Na kunyamazishwa kwa picha nzuri tunakujua. Desemba 3, 2023 tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang vikapita Katesh, Gendabi na vijiji jirani, vikaua watu zaidi ya 80, zilipigwa picha nyingi kutoka juu. Michirizi ile ya kahawia ubavuni mwa mlima wa kijani, ukiitazama bila kujua, utasema ni mchoro. Huko juu husikii mtu akimwita mwanawe. Silinganishi msiba na filamu, hasha. Nasema tu kwamba umbali wa kamera ni uamuzi, na uamuzi huo una gharama, na gharama hiyo hulipwa na anayetazamwa.

Wapo wenzangu waliobishana nami kwamba filamu hii ni ya ushairi, kwamba isidaiwe simulizi kama riwaya. Hoja nzuri. Lakini ushairi wetu wa Kiswahili haujawahi kuwa wa kimya. Ni wa kujibizana, mmoja anatupa na mwingine anadaka. Hata taarabu, ambayo filamu inaitumia vizuri sana, ni sanaa ya kurushiana maneno. Anayeimba yuko ukumbini na anayepigwa kijembe yuko ukumbini vilevile, anajijua, na watu wanamjua. Filamu imechukua sauti ya taarabu ikaacha kijembe.

Ndiyo maana kila Siti Amina anapoingia, filamu inapata damu. Mwajuma anacheka, anakejeli, anauliza maswali ambayo Denge hana muda nayo. Hajasoma Urusi. Ana chumba, ana marafiki, ana majina ya watu wote wa mtaa, na mlango wake ndio uliofunguka pale ukoo ulipofunga wa kwake. Ukiniuliza filamu ingeanzia wapi, ningesema ndani ya chumba hicho, kamera ikae chini mkekani, watu waingie na kutoka wakigombana, na bahari isikike kwa mbali.