Mita Chache Juu ya Voi

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo ya mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini, iliruka kutoka uwanja wa Voi, Kenya. Ndani walikuwa watu wawili: Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa akiongoza misafara ya uwindaji, na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Finch Hatton alikuwa amekwenda Voi kutafuta tembo kutoka angani. Ndege ikapanda, ikauzunguka uwanja mara mbili, kisha ikaporomoka na kulipuka moto. Hakuna aliyepona.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya mapenzi, maana Finch Hatton alikuwa mpenzi wa mwandishi Karen Blixen. Mimi nakitazama kwa jicho la ufundi. Ndege yenyewe ilikuwa Gipsy Moth, mama mzazi wa Tiger Moth, ambayo ndiyo iliyowafundisha kuruka marubani wengi wa kijeshi wa Uingereza na makoloni yake. Ukiifuatilia hiyo mizunguko miwili ya Voi unaona kwa nini jeshi liliibadilisha ndege hii, na unaona pia kitu ambacho hakuna fundi aliyekiweza.

Geoffrey de Havilland aliirusha Moth ya kwanza Februari 1925. Fremu ya mbao, ngozi ya mbao nyembamba na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, mabawa yanayokunjwa kuelekea nyuma ili ndege iingie kwenye banda dogo. Mwaka 1928 ikapewa injini ya Gipsy yenye nguvu farasi 100, ndipo ikapata jina lililotamba. Katika Afrika Mashariki ilipokelewa vizuri: kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilianza kazi na ndege ya aina hiyo. Ilikuwa ndege ya upole. Ilimsamehe mwanafunzi makosa mengi, na kwa sababu hiyo ikapendwa na klabu za urubani, kisha na majeshi.

Msamaha wake ulikuwa na sharti moja: nafasi chini yako.

Mwendesha baiskeli anayepandisha mikungu ya ndizi kwenye kilima cha Buhinyuza, kwetu Burundi, analijua jambo hili mwilini. Mwendo ukipungua mno, usukani hulegea, baiskeli haisikii tena. Bawa nalo ni hivyo. Hubeba kwa sababu hewa inapita juu yake kwa utulivu. Rubani akipunguza mwendo huku akiendelea kuinua pua, hufika mahali hewa ikachanika kutoka mgongoni mwa bawa, na bawa likaacha kubeba. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa.

Gipsy Moth iliyopakiwa ilifikia kilo 750 hivi. Ikienda moja kwa moja, bawa lake lilishikilia hadi mwendo ukashuka kwenye kilomita 65 hivi kwa saa. Lakini ipige kona. Ukiilaza ndege kwa digrii 60 na kushikilia urefu uleule, mabawa yanabeba mzigo mara mbili, na mwendo ule wa chini kabisa unapanda hadi zaidi ya kilomita 90. Rubani hajagusa kitu kingine, amepiga kona tu, na akiba yake ya usalama imekwisha. Ongeza kwamba bawa moja kwa kawaida huachia kabla ya jingine. Upande huo unadondoka, mwingine bado unabeba, na ndege inaanza kuzunguka kama pia, pua chini.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wa nchi za milima tunapaswa kuufikiria kuliko watu wa pwani. Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na siku ya joto hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ile ya kawaida ya ufukweni. Vilima vya Buhinyuza viko juu ya hapo mara mbili na ushee. Huku upungufu unakaribia sehemu moja ya tano. Injini inapumua hewa nyepesi, hivyo inachoka. Na ndege hulazimika kukimbia zaidi juu ya ardhi ili bawa lipate hewa ileile. Rubani anayekisia mwendo kwa kutazama vichaka vikipita chini anaona anakwenda kasi, akalegeza. Mtu anayezunguka chini-chini huku akitazama kitu ardhini, awe tembo au watu wanaompungia mkono, ndiye anayenaswa kwa urahisi zaidi.

Kupanda, kuzunguka uwanja, kisha kuporomoka: nikiuweka mfuatano huo kando ya hesabu hizi, naamini bawa liliachia kwenye kona.

Dawa ya mzunguko wa pia ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 1912 rubani wa jeshi la majini la Uingereza, Wilfred Parke, alijinasua kutoka kwenye mzunguko huo mbele ya watazamaji. Mwaka 1917 Robert Smith-Barry, katika shule yake ya Gosport, akawaagiza wakufunzi wawatie wanafunzi katika hatari hiyo makusudi, huku wakizungumza nao kwa mrija wa sauti. Kanyaga pedali ya usukani wa mkia kinyume na mzunguko, kisha sukuma mbele fimbo ya kuongozea. Moyo unakataa, maana ardhi inakujia usoni na mkono unataka kuvuta. Ndiyo maana funzo lilirudiwa hadi mkono ukatii, na lilifanywa juu sana, kwa sababu kujinasua kwenyewe kunameza urefu. Aliye mita chache juu ya uwanja anaweza kuijua dawa yote na asiwe na nafasi ya kuimeza.

Na hata mafunzo yenyewe yaliweza kuua: Machi 1928, Nairobi, rubani Maia Carberry na mwanafunzi wake Dudley Cowie walikufa katika safari ya mafunzo.

Miezi mitano baada ya Voi, Oktoba 1931, Tiger Moth iliruka kwa mara ya kwanza. Injini ilipinduliwa kichwa chini ili rubani aone vizuri mbele. Modeli nyingi zilikuwa na vibapa kwenye ncha za bawa la juu, vinavyofunguka vyenyewe mwendo ukishuka ili kuishikilia hewa kidogo zaidi. Badiliko lililo kubwa kuliko yote ni la bawa la juu: lilisogezwa mbele, na mabawa yakalazwa nyuma kidogo ili mizani isiharibike. Sababu? Aliyekaa kiti cha mbele, akiwa na parachuti mgongoni, alikuwa hawezi kutoka upesi. Bawa, nguzo na nyaya vilimzingira.

Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Ruanda-Urundi, walipata ndege ya mafunzo ya kwao mwaka 1933, Stampe SV.4. Hiyo ilikuwa na vibawa vya kuilaza kwenye mabawa yote manne, wakati Moth ilikuwa navyo kwenye mabawa ya chini tu, hivyo iliitikia mkono kwa wepesi zaidi. Lakini ufundi haukuwalinda wao wenyewe: mwaka 1935 Léon Stampe, mtoto wa mmoja wa wenye kiwanda, na mbunifu wa ndege wa kiwanda, George Ivanow, walikufa pamoja wakijaribu ndege nyingine ya kiwanda hicho, SV.10.

Sasa rudi kwenye kile kiti cha mbele, kwa sababu katika Gipsy Moth rubani hukaa nyuma na abiria mbele. Tangi la petroli, lita 86 hivi, liko katikati ya bawa la juu, ili mafuta yateremke yenyewe hadi kwenye injini bila pampu. Ni ufundi rahisi na mzuri ndege ikiwa angani. Ikigonga ardhi kwa pua, nguzo zinavunjika, tangi linapasuka, na petroli inamwagikia injini ya moto huku pembeni kukiwa na mbao na kitambaa. Abiria akibebwa, fimbo ya mbele inaweza kung'olewa isimsumbue. Hana cha kushika, hana kazi ya kufanya, na bawa liko juu ya kichwa chake.

Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na ndugu yake akamwekea mnara wa mawe. Aliyekaa chini ya tangi, vitabu vinamwita Kamau, jina moja tu.