Kisima na Kanda: Juu ya Filamu za Sadako

Katika hadithi nyingi za kutisha mtu hupatwa na balaa kwa sababu amekosa. Amevunja mwiko, amefukua kaburi, amemdhulumu mjane. Msikilizaji huogopa, lakini huku akiogopa hupata faraja kidogo, kwani anajua kwamba mwenye kukaa vizuri na watu atasalimika. Filamu ya Kijapani iitwayo Ringu, iliyotolewa Januari 1998 na kuongozwa na Hideo Nakata, imeiondoa faraja hiyo. Ndani yake mtu hufa kwa sababu ametazama kanda ya video. Hakuiba, hakuua, wala hakumtukana mtu. Ametazama tu, simu inalia, na baada ya siku saba anakutwa amekufa, macho kayatoa na kinywa kimeachama. Njia ya kuokoka ipo, nayo ni moja: ainakili kanda ile na kumwonyesha mtu mwingine, ili balaa limwondokee yeye na kumwangukia yule.

Nimezitazama filamu zote tisa za sinema za mfululizo huu wa Kijapani, kwa kufuata mwaka wa kutolewa kwake, kuanzia ile ya 1998 hadi ile ya 2022. Wapo watakaouliza mzee wa miaka sabini na ushei anatafuta nini katika filamu za mizuka. Jibu langu ni kwamba filamu ya kwanza inauliza swali ambalo linatuhusu sisi wazee kuliko vijana, na kwamba filamu zilizofuata zimelikimbia swali hilo. Namna zilivyolikimbia ndiyo mada yangu.

Kwanza tuone mambo haya yalikotoka. Mwandishi Koji Suzuki alichapisha riwaya yake mwaka 1991, naye Hiroshi Takahashi akaiandika upya kwa ajili ya filamu. Mzuka wenyewe ni Sadako, msichana mwenye nywele ndefu zilizomfunika uso na vazi jeupe, aliyetupwa kisimani. Wajapani hawakumwona Sadako kama mgeni. Wanayo hadithi ya kale ya Okiku, mtumishi aliyeuawa na kutupwa kisimani kwa sababu ya sahani moja iliyopotea, ambaye usiku husikika akihesabu sahani hadi tisa kisha akalia. Wanayo pia ya Oiwa, mke aliyesalitiwa na mumewe, iliyoigizwa jukwaani tangu mwaka 1825. Hao wote ni roho za watu waliokufa na dhuluma vifuani mwao. Mama yake Sadako naye ana mfano katika historia: Chizuko Mifune, mwanamke aliyedaiwa kuwa na uwezo wa kuona yaliyofichika, ambaye mwaka 1910 alipimwa hadharani na Profesa Tomokichi Fukurai, akashutumiwa kuwa ni mdanganyifu, na mwaka uliofuata akajiua. Kwa hiyo kilichokuwa kipya si mzuka. Kipya ni kanda. Suzuki aliuchukua mzuka wa kale akautia ndani ya chombo kilichokuwa sebuleni mwa kila mtu, tena chombo ambacho kazi yake ni kunakili.

Nakata anajua kwamba watazamaji wake wanazifahamu hadithi hizo, na anautumia ujuzi wao kuwatega. Reiko, mwandishi wa habari wa televisheni, ameitazama kanda. Yeye na Ryuji, mwanamume waliyeachana naye, wanafuatilia habari hadi kisiwa cha Oshima, kisha wanakipata kisima chini ya sakafu ya nyumba ya mapumziko. Wanateka maji ndoo baada ya ndoo, mikono ikitetemeka, hadi Reiko anayapata mabaki ya Sadako na kulipakata fuvu lake kama mama anavyompakata mtoto. Saa yake ya kufa inapita, naye yu hai. Hapo mtazamaji hushusha pumzi. Kule kwao, kama kwetu, mfu aliyepotea akipatikana na kuhifadhiwa kwa heshima hutulia. Kesho yake televisheni ya Ryuji inawaka yenyewe. Sadako anatoka kisimani, anaikaribia kamera kwa mwendo usio wa binadamu, kisha anatambaa na kutoka ndani ya kioo hadi kwenye mkeka. Mwendo huo ulipatikana kwa kumpiga picha mwigizaji Rie Inō akitembea kinyumenyume, kisha filamu ikageuzwa. Ni ufundi wa gharama ndogo, na hakuna kompyuta iliyoushinda katika filamu nane zilizofuata.

Wengi huisifu filamu kwa ajili ya tukio hilo. Mimi naona uzito wake uko katika dakika zinazofuata. Reiko anajiuliza kwa nini yeye alipona na Ryuji akafa. Anakumbuka kwamba yeye aliinakili kanda na kumpa Ryuji. Basi hakupona kwa wema wa kulipakata fuvu. Alipona kwa sababu alimwambukiza mwenzake. Nyumbani kuna mtoto, Yoichi, ambaye naye ameitazama kanda. Mama anachukua deki ya video, anaingia garini, na akiwa njiani anampigia simu baba yake mzazi. Anamwambia ana ombi, na ni kwa ajili ya Yoichi. Gari linakwenda chini ya mbingu iliyofunga mawingu, na filamu inakwisha.

Mzee huyo tumekwisha kumwona kabla. Anaishi peke yake shambani, na alipotembelewa alikwenda mtoni na mjukuu wake, wakacheza majini. Ni tukio fupi tulivu ambalo mtazamaji wa haraka hulisahau. Katika riwaya, mwenye kwenda na kanda ni baba wa mtoto, na watu anaokusudia kuwaonyesha ni wakwe zake. Filamu imebadilisha: ni binti kwa baba yake aliyemzaa. Uamuzi huo wa Takahashi na Nakata ni mkubwa. Mkwe ni mtu wa pembeni kidogo, na msomaji anaweza kuona ubinafsi wa mwanamume anayeinusuru nyumba yake kwa gharama ya nyumba ya wengine. Lakini binti akimwendea baba yake, hapana wa pembeni. Damu moja inakatwa juu ili iendelee chini.

Je, ni haki? Nimelifikiri swali hili kama babu, si kama mhakiki tu. Babu aliyemshika mjukuu mkono wakivuka mto hahitaji kubembelezwa. Akiambiwa kwamba uhai wa mtoto unataka wake, atauliza tu ni saa ngapi. Lakini kujitoa si sawa na kutolewa. Filamu haituonyeshi Reiko akimweleza baba yake ukweli. Simu ile inasema ombi, haisemi ombi gani. Ikiwa atamweka mzee mbele ya televisheni bila kumwambia kitu, amefanya mauaji, hata kama mzee angekubali lau angeulizwa. Ikiwa atamweleza, amempa heshima ya mwisho ambayo mtoto anaweza kumpa mzazi. Kati ya mambo hayo mawili upo umbali wa mbingu na ardhi, na Nakata anatuacha katikati yake, garini, tukiwa hatujui mwanamke huyu atasema nini akifika.

Lipo na jambo la pili. Mzee akishaitazama kanda, naye anazo siku saba na deki mezani. Anaweza kuinakili na kumpelekea jirani. Watu wa rika langu watazikumbuka zile barua zilizokuwa zikizunguka mashuleni: inakili barua hii, uwapelekee wenzako kadhaa, na ukiikata utapatwa na msiba. Nilikuwa nikiwaambia walimu wanafunzi wa chuo kwamba ubaya wa barua ile si uongo wake, bali ni kwamba inamfundisha mtoto kuiondoa hofu yake kwa kumtwika mwenzake. Barua kama ile hufa siku ikimfikia mtu anayekubali msiba uishie kwake. Babu wa Yoichi ndiye mtu huyo. Filamu ya Ringu 2 ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Nakata mwenyewe, inatujulisha kwamba mzee alikufa na mtoto akapona. Inatujulisha kwa maneno tu, tukiwa tunashughulishwa na mambo mengine. Kifo chenye maana kuliko vyote katika mfululizo mzima hakikupigwa picha. Nalihesabu hilo kuwa kosa lake kubwa kuliko yote.

Ringu 2 inalikaribia swali mara moja tu. Okazaki, mwandishi wa habari, anaitaka kanda kwa ajili ya kazi yake. Msichana wa shule, Kanae, anamtafutia nakala, lakini naye ameitazama, na anamsihi Okazaki aitazame mapema ili apone. Kijana anaahidi, kisha anaifungia kanda katika mtoto wa meza. Msichana anakufa. Babu hakuombwa waziwazi akatoa. Kijana aliombwa kwa machozi akanyima. Ukiwaweka hawa wawili pamoja unapata filamu nzuri sana ya maadili, lakini ni wewe mtazamaji unayewaweka pamoja. Filamu yenyewe inakimbilia kwa madaktari, mitambo na bwawa la maji, kana kwamba laana ni umeme wa kupimwa kwa nyaya.

Juu ya mpangilio, sharti nimtahadharishe msomaji. Ringu haikutolewa peke yake. Siku hiyohiyo ilioneshwa pamoja na filamu ya pili iitwayo Rasen, ya mwongozaji Jōji Iida, inayofuata riwaya ya pili ya Suzuki. Watu waliipenda ya kwanza, ya pili wakaikataa, na Ringu 2 ikatengenezwa kana kwamba Rasen haikuwahi kuwapo. Kwa hiyo anayetazama kwa mpangilio atamkuta Reiko na mwanawe wamekufa katika filamu ya pili, kisha wako hai katika ya tatu. Asitaharuki. Azichukue kama ngano moja inayosimuliwa na bibi wawili. Tena asiidharau Rasen, kwani mhusika wake mkuu, daktari Ando, amefiwa na mtoto wa kiume aliyezama majini, na kishawishi anachowekewa ni kurudishiwa mtoto huyo. Hapo pia mzazi anaulizwa yuko tayari kuuachia ulimwengu balaa gani kwa ajili ya mwanawe. Jibu lake linatia baridi.

Ringu 0 ya mwaka 2000, ya Norio Tsuruta, inarudi nyuma miaka 30 na kumwonyesha Sadako akiwa kijana katika kikundi cha maigizo mjini Tokyo. Anapenda, anapendwa, anaogopwa, kisha anapigwa na wenziwe. Haitishi sana, lakini inahuzunisha, na huzuni hiyo ni ya kweli. Mkono unaomwingiza kisimani ni wa mwanamume aliyemlea kama binti yake. Baada ya kuitazama, yule baba wa Reiko aliyeko upande wa pili wa mfululizo hupata maana mpya: baba mmoja anamtupa binti kisimani ili watu wasalimike, baba mwingine anakwenda mwenyewe kisimani kwa ajili ya mtoto wa binti yake. Iwapo mtu atasimamia hapo, atakuwa ameona habari iliyokamilika.

Baada ya hapo, ngoma ikivuma sana hupasuka. Filamu mbili za Tsutomu Hanabusa za mwaka 2012 na 2013 zilitengenezwa kwa miwani ya kuonyesha picha zikitokeza nje ya pazia, na laana sasa iko katika intaneti. Mhusika mkuu wa ile ya 2012 ni mwalimu wa shule ya wasichana, nami nilitaraji mengi, lakini mwalimu huyo anapewa mazimwi ya kupigana nayo badala ya maamuzi ya kufanya. Mwaka 2016, mwaka uleule ambao Funai, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za video, kiliacha kuzitengeneza, Kōji Shiraishi alimgonganisha Sadako na mzuka wa mfululizo mwingine, Kayako, kama mabondia ulingoni. Nakata alirudi mwaka 2019 kwa kazi ya heshima iliyochoka.

Tazama siku zinavyopungua. Mwaka 1998 mhanga alipewa siku saba. Mwaka 2016 alipewa mbili. Katika filamu ya Hisashi Kimura ya mwaka 2022 anapewa saa 24. Watengenezaji walidhani muda mfupi huongeza hofu. Nionavyo mimi, walikuwa wanaipunguza. Juma moja linamtosha mtu kusafiri, kuuliza, kuomba radhi, kumtazama mtoto wake amelala, na kufika kwenye lile wazo baya la kumtafuta wa kumpa. Saa 24 zinatosha kukimbia tu. Hofu kubwa inataka nafasi ya kufikiri, na filamu iliyomnyima mhusika wake nafasi hiyo imemnyima pia dhamiri. Hata dawa imebadilika: mwishoni mwa filamu hiyo ya 2022 watu wanaokoka kwa kuitazama video kila siku, kama mtu anayemeza vidonge vyake baada ya chai. Ni mzaha wenye akili, nami nilicheka. Lakini hapo hakuna anayemdai mwenzake kitu, na pasipo deni hakuna hadithi.

Kwa mwenye usiku mitatu tu, ushauri wangu ni aitazame Ringu, kisha Ringu 2, kisha Ringu 0, na awe na mtu wa kuzungumza naye baadaye, ikiwezekana mtu wa rika tofauti na lake. Wamuulizane Reiko alimwambia nini baba yake. Kijana atajibu kwa upande wa mama, mzee kwa upande wa babu, na mabishano yao yatakuwa na faida kuliko filamu sita zilizobaki zikijumlishwa.