Ku-extend ni Kuunga au Kurefusha?

Katika kibanda kimoja cha fundi, barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, nimesoma tangazo: ‘Tuna-extend nyaya za taa za feni za kompyuta.’ Sina ugomvi na feni wala kompyuta. Zishakuwa zetu (tarakilishi na ibaki vitabuni). Kinachonikera ni hiyo ‘ku-extend’. Kuunga ni kukata waya na kuuambatanisha na mwingine. Kurefusha kwaweza kuwa kuchomeka tu kebo ya nyongeza, pasi na kisu. Mteja atajuaje lipi linamngoja? Tena kuna taa za volti 5, pini 3, na za volti 12, pini 4. Hizo za 5 ukiziunga kwenye 12, kwisha habari zake! Fundi, andika ‘Twaunga nyaya’ au ‘Twauza kebo za nyongeza’, na volti uzitaje.