UHAKIKI: GITAA LA MWENDA JEAN BOSCO NA KISWAHILI CHETU CHA BARA

Katika somo la fasihi simulizi, nilipata kuwasikilizisha wanafunzi wimbo mmoja wa Mwenda Jean Bosco, kisha nikawapa kazi ya kuorodhesha "makosa ya sarufi" yaliyomo. Walifanya kazi hiyo kwa bidii na nikawapa alama nzuri. Siku hizi naona kwamba aliyestahili kusahihishwa alikuwa mwalimu. Makala haya yanajaribu kueleza sababu, hasa kwa wenzetu wanaofundisha Kiswahili Jinja na Mbale.

Maisha yake kwa ufupi

Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, makao makuu ya zamani ya Mfalme Msiri wa Bayeke. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, akarekodi muziki wake. Kipande kiitwacho "Masanga" kilimpatia tuzo ya Osborn ya chama cha African Music Society. Mwisho wa miaka ya 1950 alifanya kazi Nairobi, akapiga gitaa redioni na kutangaza dawa ya Aspro. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Fani: vidole viwili, sauti nyingi

Mwenda alipiga gitaa kavu, bila umeme na bila bendi. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu: gumba likishika besi, na kidole cha shahada kikipiga nyuzi za juu. Hata hivyo msikilizaji hudhani wapo wapigaji wawili, pengine watatu. Gumba hutembea kwa hatua sawa, kidole cha shahada kikigawa muda kwa namna nyingine, mbili dhidi ya tatu, na katika msuguano huo huzaliwa vijisauti ambavyo hakuna kidole kilichokusudia kuvipiga peke yake.

Msomaji wa Jinja hahitaji kwenda mbali ili aelewe jambo hili. Aketi karibu na embaire ya Wasoga. Wapigaji hukabiliana, huyu akigonga katika nafasi anazoziacha yule, na sikio hupokea wimbo ambao haumo katika mikono ya yeyote kati yao. Gerhard Kubik, aliyechunguza marimba za Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiye aliyeeleza kwa kina jinsi sikio linavyounda ruwaza hizo. Naye msomaji wa Mbale anayo litungu, ambayo imemzoeza kusikia nyuzi chache zikibeba besi na wimbo kwa pamoja. Kwa hiyo sikio la mashariki ya Uganda limekwisha andaliwa kumsikia Mwenda.

Je, huyu ni mtunzi?

Mwenzangu mmoja hupinga. Husema mtunzi wa gitaa ni yule anayeandika noti, kama Francisco Tárrega wa Uhispania au Heitor Villa-Lobos wa Brazili. Mwenda alikuwa mpigaji hodari wa mitaani, basi. Hoja hii tuipime. David Rycroft aliandika noti za muziki wa Mwenda na kuzichapisha katika jarida la African Music kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962. Alipolinganisha rekodi zake ilionekana kwamba kila mara Mwenda hubadili mapambo na urefu, lakini kiunzi hubaki. Sisi wa fasihi simulizi tunalijua jambo hilo. Fanani hasimulii hadithi mara mbili kwa maneno yaleyale, wala hatusemi kwa sababu hiyo kwamba hadithi haina muundo. Tukikubali hayo kwa ngano, tuyakubali pia kwa gitaa.

Maudhui na lugha

Hapa lazima tuwe wakweli. Ukiyatenga maneno na nyuzi, mara nyingi hubaki machache: mapenzi, fedha, ndoa, majina ya watu wa karibu, maonyo mafupi. Anayetafuta ufundi wa mashairi ya Muyaka bin Haji hataupata. Huo ni upungufu, na shabiki asiuone kuwa ni sifa. Lakini maneno ya Mwenda hayakutungwa yakae peke yake. Neno huingia pale gitaa linapoacha nafasi, kisha gitaa huendeleza fikra ambayo neno limeiacha njiani. Kuyahakiki maneno bila nyuzi ni kama kuhakiki tamthilia kwa kusoma majina ya wahusika.

Ama kuhusu "makosa", mengi tuliyoyaorodhesha darasani ni sifa za Kiswahili cha Katanga, ambako ba- husikika mahali pa wa-, na watu huwa batu. Mwanafunzi wa Kisoga au wa Kimasaba hutamka ba- hiyohiyo nyumbani kwao kila siku. Nilipomfundisha kuicheka kinywani mwa Mwenda, nilimfundisha kujicheka mwenyewe.

Jambo hili lina uzito kwetu. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini wazee wengi hukumbuka Kiswahili cha amri, cha askari na vizuizi vya barabarani. Jinja ilijua pia Kiswahili kingine, cha wafanyakazi wa makabila mengi waliokutana viwandani baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Kiswahili cha Mwenda ni ndugu wa hicho: kilikulia katika miji ya migodi, miongoni mwa watu waliotoka mbali, nacho kiliweza kubembeleza, kutania na kuonya bila bunduki.

Hitimisho

Sipendekezi tuache kufundisha Kiswahili sanifu; mtihani hautamsamehe anayeandika batu. Ninachopendekeza ni kwamba Mwenda aingie katika darasa la fasihi kama mtunzi kamili, si kama mfano wa lugha iliyovunjika. Mwalimu aanze na "Masanga" ikiwa gitaa tupu, awaulize wanafunzi wanasikia sauti ngapi, kisha awaambie ni vidole vingapi. Maswali ya sarufi yafuate baadaye, nayo yaulizwe hivi: hiki ni Kiswahili cha nani, na kanuni zake ni zipi? Mimi nimekwisha ibadilisha ile kazi ya darasani. Wenzangu wa Jinja na Mbale wakiijaribu, watuletee majibu ya wanafunzi wao kwa toleo lijalo.