Yai Ndani ya Maji ya Chumvi

Mwalimu aliweka ndoo ya maji juu ya meza, akatumbukiza yai bichi la kuku wa kienyeji, likazama hadi chini. Hakusema neno. Akachota chumvi kwa kiganja, akakoroga kwa mwiko, akangoja. Akaongeza tena. Watoto wa Darasa la Saba, waliobanana watatu watatu kwenye madawati, walianza kuinuka. Wa nyuma walipanda juu ya mabenchi. Yai likatikisika, likapanda taratibu, mwisho likaibuka na kuonyesha kipara kidogo juu ya maji, upana wa sarafu. Hapo ndipo akauliza: "Nini kimebadilika?"

Mtoto wa mbele alijibu kwamba yai limepungua uzito. Katika madarasa mengi niliyowahi kuketi, hapo mwalimu angesema "hapana, mwingine," na kidole kingine kingeinuka. Huyu alimpa mtoto kijiko, akamwambia alitoe yai, alifute, alitie kwenye ndoo ya pili yenye maji matupu. Likazama. Mtoto akalitoa, akalirudisha kwenye chumvi. Likaelea. Akarudia, na akarudia tena, darasa zima likimtazama, mpaka msichana mmoja aliyekaa dirishani akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Basi yaliyobadilika ni maji." Mwalimu hakuamuru makofi. Alimuuliza tu, "Utajuaje, mwanangu?"

Wakatafuta chupa mbili zinazolingana, wakajaza moja maji ya chumvi na nyingine maji ya bomba, wakazining'iniza kwenye ncha mbili za rula iliyofungwa kamba katikati. Rula ikalala upande wa chumvi. Kipindi cha dakika 40 kilikuwa kimekwisha zamani na kengele ilishapigwa.

Hilo lilikuwa Madibira, Wilaya ya Mbarali, kwenye skimu ya umwagiliaji yenye hekta zipatazo 3,000 za majaruba. Hapa jambo la yai si geni. Mkulima anayejali kitalu chake hutia yai kwenye maji ya chumvi ili ajue kama chumvi imetosha. Likishaonyesha kile kipara, humimina mbegu za mpunga, mapepe yakaelea na kuenguliwa, mbegu nzito zikabaki chini. Kisha huzisuuza kwa maji safi, maana chumvi ikikaa huua kiini, ndipo aziloweke na kuziatika. Mwalimu hakuleta kitu kutoka mbali. Alichukua kilichokuwa shambani kwa wazazi wao akakigeuza kuwa swali. Mvulana mmoja alipong'ang'ania kwamba mama yake hatumii chumvi, hupepeta kwa ungo tu na mpunga wao huota vizuri, mwalimu hakumtetea mtaalamu wa kilimo dhidi ya mama mtu. Alisema zihesabiwe mbegu mia za ungo na mia za chumvi, zifunikwe kwa gunia bichi, na kila asubuhi mtu ahesabu zilizochipua. Nikamtazama yule mvulana. Heshima ya mama yake ilikuwa imeingizwa kwenye jaribio, na nina hakika hakuna asubuhi atakayoacha kuhesabu.

Siku hizi ufundi huu umepewa majina ya semina. Huitwa mbinu bunifu, mbinu shirikishi, na watu husafiri hadi mjini kufundishwa kwa projekta namna ya kufundisha bila projekta. Sina ugomvi na semina, chai yake huwa nzuri. Lakini nasikia ubaya kidogo linapoitwa jipya jambo ambalo nchi hii ililijua na kuliacha lipotee.

Kwani katikati ya miaka ya 1960 ulikuwapo mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, na Tanzania ilikuwamo. Katika Chuo cha Ualimu Morogoro alifundisha Mholanzi Jos Elstgeest, ambaye somo lake mashuhuri lilihusu mdudu tuliyemchezea sote utotoni: yule anayechimba kishimo chenye kingo za kuporomoka kwenye vumbi la kibarazani, akajificha chini kumvizia sisimizi. Badala ya kueleza sehemu za mwili wa mdudu, alitaka watoto wamuulize mdudu mwenyewe. Je, akiwekwa kwenye mchanga wa chengachenga atachimba? Kwenye unga je? Akiwekewa kizuizi njiani atazunguka au atapita chini yake? Baadaye, katika maandishi yake ya mwaka 1985, alishikilia kwamba swali zuri ni lile linalompeleka mtoto kwenye kitu chenyewe akatafute kitendo cha kulijibu, na swali baya ni lile linalomrudisha kwenye kinywa cha mwalimu au kurasa za kitabu. Huo ndio ufundi wote. Chaki na chupa ni vifaa vyake tu.

Nini kiliuua? Wengine husema ni wingi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto wote walipaswa kuingia shule, na wakaingia, jambo ambalo siwezi kulilaumu hata kidogo. Ila darasa la watoto themanini na mwalimu aliyeandaliwa harakaharaka ni mahali ambapo ukimya wa kungoja yai lipande unatisha. Ni rahisi kugeukia ubao na kuandika notisi.

Hata hivyo hatuwezi kusingizia wingi kwa kila jambo. Ukitoka Madibira kupitia Mafinga ukashika barabara kuu hadi Iringa, utafika Mkwawa, ambako sasa kuna chuo kikuu kishiriki na zamani palikuwa na shule ya sekondari. Hapo alisoma Erasto Mpemba. Kisa chake kilianzia shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, halafu wanagombea nafasi kwenye friji. Mpemba aliona nafasi zinakwisha, akayaweka yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote katika kisa hicho ni kile kinachorukwa mara nyingi. Mpemba alikuwa na rafiki aliyeuza aiskrimu Tanga mjini, na rafiki huyo alimwambia kuwa yeye huweka maziwa ya moto siku zote, kwa sababu huganda upesi. Hakuona la ajabu. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Kwa hiyo maarifa yalikuwapo sokoni, mikononi mwa mtu mwenye vikombe vya kuuza, wakati darasani yalikuwa kosa.

Alipofika Mkwawa aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamcheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Ikawa utani wa darasa zima: akikosea hesabu, nayo ni hisabati ya Mpemba. Hadi siku alipokuja Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lilelile, wenzake wakaguna. Osborne hakuliamini, lakini aliahidi kulijaribu akirudi. Akalijaribu, na mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa katika jarida la kufundishia fizikia huko Uingereza. Wanafizikia wangali wanabishana kuhusu sababu za jambo hilo, na hata kuhusu lini hutokea na lini halitokei. Sifa ya Osborne kwangu haimo kwenye makala. Imo katika kukubali, mbele ya ukumbi wa wavulana wanaocheka, kwamba hajui na atakwenda kutazama.

Tumejenga sana tangu hapo. Mwaka 2014 nchi nzima ilikimbizana na agizo la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, fizikia, kemia na baiolojia. Wanakijiji walichanga fedha na mchanga, na majengo mengine yaliishia kwenye linta yakabaki maboma. Palipokamilika, si ajabu kukuta mlango una kufuli, ufunguo uko kwa mkuu wa shule, na vifaa vinatolewa mtihani wa vitendo unapokaribia ili watoto wakariri namna ya kushika bureti. Wanaita kusovu pepa. Mtoto aliyeuliza vizuri juu ya yai kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza, lugha ya masomo ikabadilika usiku mmoja, na yule msichana wa dirishani hanyooshi tena kidole. Wakati huohuo nyumbani kwao kuna choya, limao na magadi, vitu vitatu ambavyo, kwa kubadilika tu kwa rangi ya choya, vingemfundisha asidi na besi mchana mmoja.

Mwalimu mstaafu wa maeneo hayohayo alinisimulia somo alilokuwa akilifanya kila kifuku kinapokwisha. Aliwatoa watoto hadi mfereji mkuu, wakapima mita ishirini kwa kamba, wakatupa chungwa juu ya maji na kuhesabu sekunde. Chungwa, si jani, kwa sababu jani husukumwa na upepo. Wakagundua kuwa katikati maji hukimbia kuliko kando. Wakapima upana na kina, wakapiga hesabu ya maji yanayopita kila sekunde. Na mwaka mmoja mtoto akauliza: haya tuliyoyahesabu yametoka Mto Ndembera, je, yanarudi mtoni kiasi gani?

Ni swali ambalo watu wazima wamelizunguka kwa miaka. Mto Ruaha Mkuu, ambao Ndembera ni tawi lake, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu unautegemea. Wafugaji waliondolewa bonde la Usangu mwaka 2006, na kufikia 2008 mipaka ya hifadhi ilikuwa imesogezwa hadi kinamasi cha Ihefu. Kila upande ulimlaumu mwenzake, na wengi wa waliolaumu hawakuwahi kusimama kando ya mfereji na kamba mkononi. Mwalimu aliwapanga watoto wapime pia kwenye mtaro wa kutolea maji. Wakapima mara moja. Kisha likaja agizo kwamba madarasa ya mtihani yasitoke nje ya shule muhula wa pili, yabaki na mazoezi ya maswali, na somo la mfereji halijafundishwa pale tena.