Kamera Haijui Kukaa Msibani

Nimehudhuria misiba minne nikiwa jikoni kwangu hapa Reading, Uingereza, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kula. Wa kwanza ulikuwa wa mzee niliyekuwa namhudumia kazini. Wa pili wa rais, wa tatu wa malkia. Wa nne ulikuwa wa mama mkubwa aliyenilea.

Huwa naandika juu ya riwaya na mashairi. Leo mniruhusu nihakiki matangazo ya mazishi, maana nayo yana fani na maudhui kama tulivyofundishwa shuleni, na yana mtu anayeamua tuone nini na tusione nini. Ila hakuna anayeyahakiki. Ukisema video ya msiba ilikuwa mbaya, utaonekana huna adabu.

Nianze na yule mzee. Ilikuwa 2020, corona imebana, waliozoeana naye tukatumiwa kiungo na neno la siri. Kamera ilikuwa moja tu, imefungwa juu ukutani nyuma ya ukumbi wa kuchomea maiti, haina mtu wa kuiendesha. Tuliona visogo vya watu wachache waliokaa mbalimbali, jeneza kwa mbele, na pazia. Nusu saa hivi, imekwisha. Nikasema moyoni, hawa wenzetu wanazikana kama wanakata tiketi ya basi. Sikujua kwamba siku moja nitaitamani kamera ile.

Machi 2021 tukamuaga Rais Magufuli. Mwili ulipitishwa Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar na Mwanza hadi Chato, alikozikwa tarehe 26, na sisi wa nje tukaufuata mji kwa mji kwenye simu. Yale matangazo mubashara yalikuwa na kila kitu: magari, wanajeshi, viongozi kwa vyeo vyao, na mtangazaji asiyevuta pumzi. Tarehe 21 niliangalia kwa saa kadhaa watu wakiaga Uwanja wa Uhuru, kisha nikaenda kazini nikiamini nimeona. Baadaye polisi wakatangaza kuwa watu 45 walikufa kwenye msongamano wa siku ile. Mimi sikuona hata dalili. Silaumu mpiga picha. Kamera huwekwa palipo na itifaki, na kwenye itifaki watu hawakanyagani.

Halafu Septemba 2022, Malkia Elizabeth. Mazishi yenyewe ya tarehe 19 yalikuwa na mbwembwe zote, lakini kilichonishika ni siku zilizotangulia. BBC waliweka kamera ndani ya Ukumbi wa Westminster wakaiacha iende, usiku na mchana. Jeneza liko katikati, watu wanapita pande zote mbili, maneno hakuna. Kila baada ya dakika 20 walinzi wanabadilishana, fimbo inagongwa sakafuni, kimya kinarudi. Sina deni na kiti kile cha enzi. Babu yangu alilipa kodi ya kichwa chini ya bendera yao. Lakini nilikesha. Nilimwona mzee akipiga saluti, mama akimsukuma mtoto wake ainamishe kichwa, kijana asiyejua mikono yake aiweke wapi. Hakuna aliyeniambia nihuzunike. Nilipewa muda tu, nikaona watu.

Sasa nifike nyumbani.

Mama mkubwa alifariki Februari. Makaratasi yangu ya kuongeza kibali yalikuwa bado yanashughulikiwa, na ukitoka nchini katika hali hiyo maombi yanahesabika umeyaondoa mwenyewe. Nikaeleza kwenye kundi la familia. Nilitegemea mabishano, kwa sababu miaka ya nyuma kwetu mwili ungesubiri mochwari hadi mtoto aliyeko nje apate njia. Safari hii jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Usihangaike mwanangu, tutarusha laivu." Usiku uleule tarehe ikapangwa. Nikatuma mchango, na mweka hazina wa kamati akanijulisha kuwa sehemu yake ndiyo imelipa watu wa video. Kwa hiyo kazi ninayoihakiki niliilipia mimi.

Ilianza saa saba mchana kwao, saa nne asubuhi kwangu. Droni ikapita juu ya migomba. Picha ya marehemu ikaja inazunguka ndani ya fremu ya maua, na kinanda nyuma yake. Vijana wale wale wanarekodi harusi, sendofu na vipaimara, na hawajawahi kuwa na sababu ya kubadilisha mkono wao. Harusini kamera humtafuta mgeni rasmi, humtafuta aliyependeza, hukimbia pakiwa kimya. Msibani ikafanya vilevile.

Hasara yake ikaonekana kwenye wasifu. Katika ibada zetu za mazishi, wasifu wa marehemu ndiyo maandishi pekee yaliyotungwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Biblia ni ya wote, nyimbo ni za wote. Ule wa mama mkubwa aliuandika binamu yangu, na ulikuwa na sentensi moja inayonihusu: kwamba alilea pia watoto wa wadogo zake. Ilipofika hapo, kamera ilikuwa barabarani inapokea gari la mheshimiwa, na honi ikaimeza nusu ya sentensi.

Ikaja zamu ya mashada. Watoto, wajukuu, wakwe, majirani, kikundi cha akina mama. Mshereheshaji akasema, "Na mtoto wetu aliyeko Uingereza, anawakilishwa," akataja jina langu, kisha la binamu. Nikasogeza uso hadi nikagusa kioo. Kwenye kioo alikuwepo mheshimiwa, anafuta udongo kwenye kiatu kwa leso. Kamera iliporudi kaburini, waliokuwa wanainuka walikuwa wakwe. Shada langu liliwekwa, nimeambiwa.

Jeneza lilipoanza kushushwa mtandao ukakwama. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Pembeni maoni yakaendelea kuteremka: pumzika bibi, sauti haisikiki, amina, jamani huyu ni nani? Picha iliporudi udongo ulikuwa umeshajaa na watu wanaimba. Hapo siwezi kumlaumu fundi. Mlimani bando lina mambo yake.

Baada ya baraka watu wakaenda kula. Fundi naye akaenda kula, kamera akaiacha juu ya kigoda chake cha miguu mitatu chini ya turubai, imeelekea uani, na akasahau kuizima. Tuliobaki tulikuwa watazamaji tisa. Kwa dakika 40 niliona viti vya plastiki vikipangwa vinne vinne. Niliona wanawake wakikomba ukoko kwenye sufuria kubwa, mmoja akacheka hadi akaegemea mwenzake. Mtoto ambaye sikumtambua alizunguka na chupa tupu za maji. Shangazi akaja, akakaa kwenye benchi peke yake, akavua viatu, akawa anakanda mguu mmoja kwa mkono. Akauangalia mlango wa jiko la mama mkubwa kwa muda mrefu. Kwenye ibada nzima sikuwa nimelia. Pale nililia. Kisha nikasikia sauti ya fundi karibu kabisa, "Ah, kumbe hii bado inarusha," na kioo kikawa cheusi.

Jioni shangazi akanipigia. "Ulituona?"

"Niliwaona, shangazi."

"Haya. Sisi hatukukuona."

Hakuwa ananilaumu, maana aliendelea palepale na habari ya mvua. Lakini ndiyo kasoro ambayo hata fundi bora hawezi kuirekebisha. Kwetu mtu anakwenda msibani ili aonekane: abebe viti, akate kuni, akae kwenye jamvi hata kama hana la kusema, na mfiwa anyanyue uso amwone yupo. Hakuna anayeulizwa kama aliona. Anaulizwa kama alifika. Matangazo yananipa macho tu, na yameshaanza kutumika kama kibali cha kutofika. Nilikubali kibali hicho upesi kuliko nilivyopenda kukiri, na naandika haya nikijua kwamba msiba ujao kundi la familia halitajadili hata kwa hizo dakika mbili.

Hata hivyo, kama lazima turushe, na kwa wengi wetu huku ni lazima, nina maombi machache kwa watu wa video. Wekeni kamera moja pembeni muiache itulie. Kipaza sauti kiwe karibu na anayesoma wasifu. Jina la mtu likitajwa kwenye mashada, mwonyesheni anayemwakilisha. Yule aliyeko mbali amekaa siku nzima akisubiri sekunde hizo. Mheshimiwa tutamwona kwenye taarifa ya habari. Na mkienda kula, msiizime.

Toleo lililohaririwa limeshapandishwa YouTube. Linaanza na droni. Zile dakika 40 zimekatwa. Nimemwandikia fundi kumuuliza kama bado anazo, na amejibu kwamba ataangalia.